UFAHAMU AU KIINIMACHO?

Wewe kijana wa mjini unayejidai umesoma, hebu nikupe mtihani kidogo. Usichungulie kwa jirani!

"Mdungiro alipiruza vikweto viwili sokoni."

Swali la kwanza: Nani alipiruza vikweto? La pili: Alipiruza vingapi? La tatu: Alivipiruza wapi?

Umepata zote, siyo? Hongera! Sasa niambie, kupiruza ndiyo kufanya nini? Na kikweto ni tunda, mnyama au kiatu? Hujui, na mimi sijui, maana maneno hayo nimeyabuni mwenyewe. Lakini maksi tatu juu ya tatu unazo, na vema nyekundu juu yake.

Hicho ndicho kiinimacho ninachosema. Nimepekua madaftari ya wadogo zangu, nikakuta maswali kibao ya ufahamu yametungwa hivyohivyo: sentensi inachukuliwa kwenye habari, jina linatolewa, "nani" inapachikwa. Mtoto hasomi, anawinda neno tu.

Ufahamu uliotungwa sawasawa una ngazi, jamani. Kwanza swali ambalo jibu lake liko wazi kwenye habari; si vibaya kuanzia hapo. Halafu maana ya neno kama lilivyotumika pale. Kisha lile la kuumiza kichwa, ambalo jibu halikuandikwa popote. Mwisho kichwa cha habari kinachofaa, au funzo.

Chukua sentensi hii: "Asha alitazama mawingu, akakimbia kuanua nguo." Ukiuliza nani alianua nguo, umeuliza jina tu. Uliza kwa nini alikimbia! Neno "mvua" halimo, mtoto lazima alilete mwenyewe. Hapo ndipo utajua kama kaelewa.

Maswali ya kuchagua nayo yana kasheshe yake. Yakiwa na majibu manne, hata anayefumba macho ana nafasi moja kati ya nne. Mtunzi mvivu huweka majibu matatu ya kuchekesha, la kweli likabaki linang'aa peke yake. Mtunzi hodari huokota majibu ya uongo mlemle ndani ya habari, ili mwinda maneno anase.

Msidhani natania. Mwaka 2012 hapa Tanzania, zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza waligundulika hawajui kusoma wala kuandika. Na wote walikuwa wamefaulu darasa la saba! Waliponaje? Jibu mwenyewe.

Ndiyo maana nawasifu wale jamaa wa Uwezo, walioanza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010. Wao hukaa na mtoto mmoja mmoja, wakapanda naye taratibu: silabi, neno, aya, hadi hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hapo hakuna jirani wa kumchungulia wala herufi ya kubahatisha.

Basi mdogo wako akirudi na kumi juu ya kumi, usikimbilie kumnunulia soda. Funika maswali ya mwalimu, mwambie akusimulie ile habari kwa maneno yake, kisha muulize "kwa nini?" moja tu. Akikodoa macho, usimzabe kofi. Fungua kitabu, someni pamoja.