Pikapu Ikitetemeka, Tafuta Silinda Iliyolala

Leo tunaacha kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya chombo kinachotoa mazao yetu shambani, yaani pikapu kuukuu. Mimi ni bwana shamba, si fundi wa gereji, lakini katika somo la zana za kilimo tulifundishwa kuifungua injini na kuifunga. Tena nimekwisha kuona nyanya zikiozea njiani kwa sababu ya kitu kidogo tu.

Nitatoa mfano. Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga huko Lushoto kina pikapu ya petroli ya silinda 4, iliyokwisha kutembea kilometa 280,000. Siku moja, ikipandisha mlima kutoka Mombo na mifuko ya mbolea, ilianza kutetemeka na kuishiwa nguvu, hata vijana wakashuka wasukume. Fundi akaisikiliza, akasema injini imekwisha, lazima ifunguliwe yote. Wanakikundi walikuwa tayari wamezitoa fedha za mbegu za msimu ule. Tulipoichunguza pamoja, tukakuta waya wa plagi ya silinda ya 3 umepasuka mpira wake, na moto unavujia kwenye chuma. Wakabadili waya, na fedha za mbegu zikabaki.

Basi, ndugu mkulima, jambo la kushika leo ni hili: usinunue kipuri, wala usikubali injini ifunguliwe, mpaka ujue ni silinda ipi isiyofanya kazi na kwa sababu gani.

Je, ni injini kweli?

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu, na gia iwe huru. Iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha ongeza mafuta taratibu. Ikitetemeka hapo hapo imesimama, ugonjwa uko kwenye injini, au raba zinazoishikilia zimechoka. Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu, angalia klachi na raba hizo. Ikitulia imesimama, lakini ikatetemeka ukishika mwendo, angalia magurudumu na viungo vya propela, usiisumbue injini bure.

Kwa nini hutetemeka?

Umewahi kuona watu wanne wakitwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana? Mmoja akikosa zamu yake, mdundo wote huharibika. Injini ni vivyo hivyo. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 400. Silinda moja ikilala, injini huyumba. Mafundi husema "inamisi".

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, cheche kali kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Ugonjwa wowote wa kumisi unatokana na kukosekana kimojawapo.

Sikiliza mdundo. Ikiwa injini inakosa kwa mpangilio, tu-tu-tu-pa, tu-tu-tu-pa, silinda moja imelala. Ikiwa inakosa ovyo ovyo, mara hivi mara vile, anza kushuku mafuta na hewa. Ikimisi asubuhi ya umande au baada ya mvua, kisha ikapona yenyewe, shuku waya za plagi na kifuniko cha distribyuta.

Kuitafuta silinda iliyolala

Njia ya kwanza haina gharama. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe kwa dakika moja hivi, kisha izime. Dondosha matone machache ya maji juu ya kila tawi la bomba la moshi, pale linapotoka kwenye injini. Pale ambapo maji yanakawia kukauka kuliko kwingine, ndiyo silinda iliyolala. Usifanye hivyo injini ikiwa na moto mkali, chuma kinaweza kupasuka.

Njia ya pili ni kwa magari yenye distribyuta. Zima injini. Chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa vizuri iguse chuma cha injini, mbali na petroli. Washa, usikilize. Kama hali imezidi kuwa mbaya, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Kama hakuna badiliko, umempata mvivu wako. Kamwe usichomoe waya kwa mkono injini ikiwaka, kwa maana moto ule ni wa maelfu ya volti. Tena angalia mikono ya nguo isinaswe na feni.

Magari ya karibuni, yenye kompyuta na koili juu ya kila plagi, yasifanyiwe hivyo. Mwambie fundi achomeke mashine ya kusomea, umwulize namba. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. P0300 maana yake kumisi hakukai silinda moja.

Hamisha kabla ya kununua

Ukiijua silinda, hamisha plagi yake uiweke kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbaya. Ukibaki pale pale, fanya vivyo hivyo kwa waya au koili. Tia alama kila waya kabla ya kuuchomoa, usije ukachanganya mpangilio.

Itazame plagi pia. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzima. Masizi makavu meusi maana yake petroli inazidi au filta ya hewa imeziba kwa vumbi. Iliyolowa petroli haikupata cheche. Iliyolowa oili nyeusi inasema ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe iliyoungua inasema silinda inapata joto kupita kiasi.

Kama injini inakosa ovyo, badili filta ya petroli, safisha filta ya hewa, na angalia mipira ya hewa iliyopasuka. Petroli iliyowekwa kwenye dumu huweza kuingia maji. Wenye gari la dizeli, ninyi hamna plagi za cheche: anzeni kwa kumwaga maji kwenye filta ya mafuta na kutafuta mahali hewa inapoingia. Nozeli mwachieni fundi.

Fundi akisema "fungua injini"

Pengine fundi anasema kweli, kwani gari lililotembea sana huchakaa. Lakini mwombe kwanza apime mgandamizo wa silinda zote nne mbele yako, na uandike namba. Zote zinapaswa kukaribiana. Moja ikiwa chini sana, atie oili ya injini kijiko kimoja cha chai katika silinda ile, apime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Aanze kwa kuangalia nafasi za valvu, maana kuzirekebisha ni kazi ndogo. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi. Hapo toa fedha zako, maana sababu imeonekana.

Usiendelee kusafiri na gari linalomisi kwa kuhofia gharama. Petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda na kuichuja oili ya injini iwe nyepesi. Plagi moja iliyopuuzwa yaweza kukuletea ufunguaji ule ule uliouogopa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kumbuka utaratibu: sikiliza mdundo, tafuta silinda, hamisha plagi na waya, ndipo upime mgandamizo. Fanya hayo sasa, kabla mavuno hayajaiva. Nyanya zikishapakiwa hazingoji fundi. Kwaherini, na kazi njema.