Mtoto anapohama kutoka baiskeli ya magurudumu matatu

Mtoto aliyezoea baiskeli ya magurudumu matatu anajua kukanyaga pedali, lakini bado hajajifunza kujisawazisha. Baiskeli hiyo husimama yenyewe. Ya magurudumu mawili hukaa wima pale tu inapokwenda. Ndiyo maana hata mtoto hodari huyumba mwanzoni. Wengi humudu kati ya miaka 4 na 7, kwa hiyo usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Anza na usawa, pedali baadaye. Mwombe fundi azifungue pedali zote mbili na kushusha kiti mpaka nyayo za mtoto zikanyage chini vizuri. Ajisukume kwa miguu mahali tambarare, mbali na barabara. Baiskeli ikilalia upande mmoja, ageuze usukani kidogo upande huohuo, itainuka. Akiweza kwenda huku ameinua miguu, rudisha pedali. Ukimsaidia, mshike mabega. Ukishika usukani, hatahisi baiskeli inavyoyumba. Mfundishe kufunga breki kabla hajakaribia mteremko.

Avae kofia ngumu ya baiskeli: ikae vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu.

Michubuko midogo ioshe kwa maji safi na sabuni. Lakini akigonga kichwa kisha akazimia, akatapika tena na tena, akapata degedege au akasinzia isivyo kawaida, mpeleke hospitali mara moja. Usisubiri kesho.