Viumbe vya Majini kama Mashahidi wa Hali ya Mito ya Nyeri

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viumbe vya majini vinavyoweza kutumiwa kupima athari za binadamu juu ya mito midogo. Mifano yetu yatoka Nyeri, ambako Chania na Gura hushuka kutoka Nyandarua, na Thego kutoka Mlima Kenya, kwenda kuingia katika Sagana na Tana.

Mkemia achotaye maji katika chupa hupata habari za saa ile tu. Kiwanda cha kahawa kikimwaga maji yake usiku, yamkini asubuhi mto utaonekana safi. Lakini wadudu waliokaa chini ya mawe kwa miezi kadhaa hawawezi kuuficha usiku huo. Maganda na utelezi wa buni huozeshwa na bakteria, nao bakteria huimaliza oksijeni iliyomo majini. Hapo wadudu wachanga wenye mikia mitatu, wanaopumua kwa matamvua, hutoweka. Mahali pao hushikwa na minyoo ya matope na mabuu mekundu, ambayo wekundu wake ni himoglobini inayoyawezesha kuishi penye oksijeni haba. Afrika ya Kusini hutumia jedwali ambalo kila jamii hupewa alama, 1 hadi 15, kadiri isivyovumilia uchafu. Tanzania nayo imekwisha kutengeneza la kwake.

Hapa mwandishi wa Kiswahili hukwama. Kereng'ende, ruba, konokono na kaa wana majina. Huyo wa mikia mitatu, ambaye Waingereza humwita kwa mwezi wa Mei, hana jina lililokubaliwa, ingawa ndiye shahidi bora. Wala sioni haja ya kumbandika Mei, maana kwetu huruka mwaka mzima.

Samaki aina ya trauti ni shahidi wa kuhojiwa kwa hadhari. Ni kweli kwamba hupenda maji baridi yenye oksijeni nyingi. Hata hivyo si mwenyeji: aliletwa Gura mwaka 1905, na vifaranga vyake vimekuwa vikilelewa Kiganjo na kutiwa mitoni. Kuwapo kwake, basi, kwaweza kushuhudia kazi ya wafugaji kuliko afya ya mto.

Hapana budi pia kulinganisha mahali panapofanana, kwani vijito vya baridi vya mlimani vina jamii chache kwa asili yake. Apimaye na apindue mawe juu ya kiwanda na chini yake, kabla ya mavuno ya Oktoba na tena Desemba. Mvua za vuli nazo husomba wadudu. Kwa hiyo sehemu ya juu isiachwe kupimwa hata mara moja.