Kamera Safarini (Sehemu ya Pili): Lenzi za Kuchukua Orlando

Katika sehemu iliyotangulia ya makala haya tulibainisha namna kamera inavyoipokea nuru, tukamtaja Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, ambaye katika Kitab al-Manazir alikwisha kuchunguza mwendo wa nuru ipenyayo tundu na kuingia mahali pa kiza. Leo twashuka kutoka elimu ya jumla hadi haja ya mtu mmoja: mzazi aliyejiwekea akiba kwa subira, akakata tikiti za jamaa yake wote, naye akusudia kuwapeleka Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani. Je, achukue lenzi zipi, na zipi aziache nyumbani?

Wauzaji wa kamera aghalabu hulijibu swali hili kwa bei, kana kwamba lenzi ya thamani kubwa ndiyo ifaayo kila mahali. Mimi naona heri mzazi ajiulize mambo matatu kabla ya kufunga mkoba: mtoto atakuwa umbali gani nami, mahali hapo pana nuru kiasi gani, na bega langu litastahimili uzito gani tangu milango ifunguliwe asubuhi hata fataki za usiku ziishe.

Tuanze na umbali. Nambari ya milimita iliyoandikwa juu ya lenzi yaonyesha urefu wa fokasi: inapokuwa ndogo lenzi hutazama kwa upana, na inapokuwa kubwa hukivuta karibu kitu kilicho mbali. Katika kamera yenye sensa kamili, yaani ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 huona pembe ya digrii 84, ya milimita 50 huona digrii 47 hivi, na ya milimita 200 digrii 12 tu. Na mwenye kamera ya sensa ndogo hana budi kuizidisha nambari ya lenzi yake kwa 1.5 au karibu na hapo, kabla ya kuilinganisha na hizi. Sasa tulichukue kasri la Cinderella katika bustani ya Magic Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, kasri ambalo kimo chake ni mita 57 na ushei. Ukiisimamisha kamera wima na kuielekeza juu kidogo, lenzi ya milimita 24 yataka usimame kiasi cha mita 40 kutoka kwenye jengo, na ile ya milimita 50 yataka mita 80. Na katika njia iliyojaa umma wa watu, hizo mita zilizozidi ni mita za vichwa, makofia na vigari vya watoto wachanga.

Fauka ya hayo, ukubwa wa kasri nyuma ya mtoto hupangwa na mahali uliposimama, wala lenzi haina amri juu ya jambo hilo. Ukimkaribia mtoto kwa lenzi pana, yeye huwa pandikizi la mtu na kasri likadidimia nyuma yake. Ukirudi mbali na kumvuta kwa lenzi ndefu, kasri huinuka kwa haiba yake yote, ila wapita njia watakatiza baina yenu bila kukoma. Kwa hiyo nafasi ya wastani, baina ya milimita 35 na 70, ndiyo iliyo salama, na hapo ndipo ionekanapo fadhila ya lenzi ya kuvuta ya kawaida, ya milimita 24 hadi 70, au 18 hadi 55 kwa sensa ndogo, maadamu mtoto anayekukimbilia kwa furaha hakungoji ubadilishe lenzi.

Ama kuhusu kiza, wageni wengi hughurika na sifa ya jua la Florida, wakasahau kwamba pumbao nyingi za bustani hizi ziko ndani ya majengo. Katika Pirates of the Caribbean mashua huelea polepole mahali penye mianga hafifu, na katika Haunted Mansion kiza chenyewe ndicho kiungo cha mchezo. Humo flashi ni marufuku, na hata ingaliruhusiwa ingaliziua taa za rangi zilizopangwa kwa ustadi mkubwa. Kinachobaki ni tundu la lenzi, ambalo huwa kubwa kadiri nambari yake ya f inavyokuwa ndogo: lenzi ya f/1.8 huingiza nuru karibu mara 10 ya ile ya f/5.6, hata picha iliyotaka moja ya sita ya sekunde, ikatoka imevurugika kwa mtikisiko, ikaweza kupigwa kwa 1/60. Lenzi isiyovuta ya milimita 35 yenye f/1.8, nyepesi na yenye bei ya kadiri, hutosha kwa kazi hii, na usiku hufaa tena kuupata uso wa mtoto aliyeinua macho kutazama fataki.

Iko siku moja iliyo mbali na nyingine, nayo ni siku ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Mswahili aingiapo humo hujikuta katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu wake waliiga majumba ya Lamu, na mabango yake mengine yameandikwa kwa lugha yetu. Kutoka hapo gari la wazi huwachukua watu katika Kilimanjaro Safaris, likirukaruka katika njia ya mashimo ya makusudi. Twiga aweza kuja karibu hata lenzi ndefu isimweneze, ilhali simba hujilaza mwambani, mbali na njia. Anayewataka wanyama achukue lenzi ya milimita 70 hadi 300, na shata isipungue 1/500 ya sekunde. Walakini aliyekwisha kuwaona simba wa Mikumi au Tsavo aweza kuiacha lenzi hiyo bila majuto, akawapiga picha wanawe wanavyoshangaa.

Mintarafu ya uzito, lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, ambayo wengi huitamani, ina kilo moja na nusu hivi, na mkono uishikao ndio utakaotakiwa jioni kumbeba mtoto aliyeshikwa na usingizi. Simu yako, kwa kuwa aghalabu ina lenzi pana, itakidhi haja ya picha za upana. Basi hukumu yangu ni lenzi mbili: moja ya kuvuta kwa mchana, moja ya f/1.8 kwa kiza. Na ya tatu, ukipenda, itoke hotelini kwa siku ya wanyama peke yake.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza kwa nini lenzi iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi huota ukungu mara itolewapo katika hewa nzito ya Florida, na tadbiri ya kuikinga.