Jino Linapouma na Daktari Asiandike Antibayotiki

Maumivu ya jino huwafikisha watu wengi duka la dawa kabla hayajawafikisha kwa daktari wa kinywa na meno, na huko huomba vidonge vya rangi mbili, ambavyo mara nyingi huwa ni amoksisilini, dawa ya jamii ya penisilini inayoua bakteria. Hata hivyo, mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani unaeleza kwamba, kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, maumivu mengi ya jino na uvimbe usioenea havihitaji antibayotiki pale ambapo jino lenyewe linaweza kutibiwa.

Sababu imo katika umbile la jino. Chini ya tabaka gumu la nje na tabaka la pili liitwalo dentini mna kiini, yaani nyama laini yenye neva na mishipa midogo ya damu, ambayo huingia kupitia tundu jembamba kwenye ncha ya mzizi. Uozo ukikaribia kiini, nyama hiyo huvimba, lakini kwa kuwa imezingirwa na kuta ngumu haina pa kutanukia, hivyo neva hubanwa na jino hupwita, hasa mgonjwa akilala. Antibayotiki haipunguzi maumivu ya hatua hii. Ibuprofeni na parasetamoli ndizo zinazosaidia, kwa mgonjwa asiye na sababu ya kuziepuka. Kiini kikishakufa, damu haipiti tena ndani ya jino, na dawa inayosafirishwa na damu haina njia ya kuwafikia bakteria waliojikusanya humo. Ndiyo maana daktari hushika vifaa kwanza: hufungua jino na kusafisha mfereji wa mzizi, au huling'oa, au hupasua jipu ili usaha utoke. Mgonjwa aliyemeza vidonge tu anaweza kupata nafuu kwa muda, kisha jipu likarudi, kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa.

Uamuzi hubadilika pale maambukizi yanapovuka jino na kuingia mwilini. Daktari hutafuta homa, uchovu usio wa kawaida, tezi za shingo zilizovimba, uvimbe unaosambaa shavuni na kinywa kisichofunguka vizuri. Uvimbe ukishuka chini ya ulimi na pande zote mbili chini ya taya, hali ambayo daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza mwaka 1836, njia ya hewa inaweza kuziba, na mgonjwa huyo ni wa kukimbizwa hospitalini, si wa kupewa cheti cha dawa arudi nyumbani.

Dawa ikihitajika, chaguo la kwanza kwa mtu mzima kwa kawaida ni amoksisilini miligramu 500, mara tatu kwa siku. Mwongozo huo wa Marekani unataja siku 3 hadi 7, mgonjwa akifuatiliwa baada ya siku 3, na unaruhusu dawa isitishwe saa 24 baada ya dalili kwisha, jambo linaloweza kuwashangaza waliozoea kusisitiziwa wamalize dozi, ingawa uamuzi huo ni wa daktari. Pasipo nafuu, metronidazoli, inayoua bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, inaweza kuongezwa. Anayesema ana mzio wa penisilini huulizwa kwa undani alipatwa na nini, kwani kuharisha kidogo si sawa na koo kuvimba na pumzi kubana. Na klindamaisini, iliyokuwa mbadala wa kawaida, sasa hutolewa kwa tahadhari kwa sababu inaweza kusababisha maambukizi makali ya utumbo mpana.

Liko kundi dogo linalopewa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino, wakiwemo wenye valvu bandia ya moyo, ili bakteria wanaoingia kwenye damu wasijishikize moyoni. Hata hao hawapewi dawa ya wiki nzima: ni gramu 2 za amoksisilini kwa mkupuo mmoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya daktari kuanza kazi.