Mwendo na Tabia katika Picha za Kompyuta

Katika mtaa wa Mlandege, Unguja, mwanamke aliyejifunika buibui pamoja na uso hutambulikana na jirani zake kwa mwendo, nao hawaishii kumtambua: huyu, husema, ana madaha, yule ana maringo. Kwenda na kutembea ni vitenzi visivyo na hukumu. Lakini anyataye hudhaniwa ana lake analoficha, na ajikokotaye kuwa hana ari.

Si Waswahili peke yao. Fritz Heider na Marianne Simmel, huko Marekani, walitangaza mwaka 1944 jaribio la filamu ya pembetatu mbili na duara moja. Watazamaji 33 kati ya 34 walisimulia habari za viumbe hai, na wengi wakaiona pembetatu kubwa kuwa gomvi. Uso haukuwapo hata mmoja!

Akili, msichana wa miaka minne aliyebuniwa kwa kompyuta na shirika la Ubongo, Dar es Salaam, anao uso, na sura yatosha kuonyesha kwamba ni mtoto. Kuwa mdadisi au mwoga ni kazi ya hatua zake. Maneno yake yamekwisha kutiwa katika lugha kadhaa. Hatua ni zile zile, na kila lugha itazihukumu kwa vitenzi vyake.