Siku Moja, Toka Kariakoo Hadi Bagamoyo

Msomaji mpenzi, huenda nawe siku moja utashuka Dar es Salaam. Pengine utakuja kumwona mgonjwa, pengine kumpokea mtoto atokaye masomoni, pengine kwa arusi ya ndugu. Kazi iliyokuleta ikiisha, mara nyingi hubaki siku moja tupu kabla ya kurudi nyumbani. Watu wengi huimaliza siku hiyo Kariakoo. Huingia sokoni asubuhi na fedha, hutoka jioni na vikombe na ndala, na wakiulizwa kijijini, "Dar es Salaam kukoje?" hujibu, "Watu ni wengi mno." Basi.

Sisi siku yetu tuliitumia namna nyingine. Tulikuwa sita: baba yangu mzee, mama, mke wangu, watoto wetu wawili, nami. Baba alikuwa na haja moja ya miaka mingi. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyetembea kwa miguu toka Unyanyembe hadi Bagamoyo akiwa na pembe ya ndovu begani. Baba alitaka, kabla hajafumba macho, aone mahali mzee yule alipotua mzigo wake. Nakuandikia safari hiyo ili ukitaka kuifuata uifuate, nawe usikosee pale tulipokosea sisi.

KWANZA PATANA BEI

Bagamoyo iko kaskazini ya Dar es Salaam, kadiri ya kilomita 70, na barabara ni ya lami mpaka mjini. Mtu wa peke yake yafaa apande basi. Lakini mkiwa jamaa wengi, pamoja na mzee asiyeweza kusimama, kukodi motokaa kwa siku nzima si anasa. Ila sharti mpatane kabla ya mlango kufungwa: fedha ngapi, saa ngapi za kurudi, mafuta ni juu ya nani, na mtasimama wapi na wapi. Sisi tulisahau neno hilo la kusimama. Utaona lilivyotutia mashakani.

KARIAKOO: JINA LA WAPAGAZI

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Kariakoo. Si kwa kununua. Tulitaka watoto wajue jina. Katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya wachukuzi wa jeshi lao. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Nchi haikuwa na barabara, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o, basi risasi, unga na mizinga vikabebwa juu ya vichwa vya watu. Maelfu na maelfu ya wachukuzi hao hawakurudi kwao. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na njaa, homa na kuhara damu.

Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Lakini moto haukuigusa kazi ya asili ya mahali hapa. Tazama alfajiri: vijana wanasukuma mikokoteni, wengine wana magunia mgongoni, jasho linawatiririka wakati wengine tunapiga miayo. Baba aliwatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe kazi ya babu haijaisha."

Toka hapo tulikwenda kwenye sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927. Watoto walipenda bunduki yake. Nikawaonyesha kwamba maandishi yaliyo chini yanawataja wapagazi pia, siyo askari peke yao.

BANDARINI

Ufuoni mwa bandari twaona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Tulisali kidogo, kisha tukaitazama bahari. Mlango wa bandari ni mwembamba na ndani maji yametulia kama ya kisima. Ndiyo maana Sultani Majid wa Unguja alipachagua mahali hapa katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya, karibu na kijiji kilichoitwa Mzizima. Majid alikufa mwaka 1870, na mji ukadumaa mpaka Wajerumani walipoufanya makao yao mwaka 1891, wakihama toka Bagamoyo.

Karibu na kanisa kuna nyumba ya zamani sana ya Mapadre Weupe, iitwayo Nyumba ya Atiman. Mkristo wa kijijini yafaa alijue jina hilo. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari, naye akaja kufanya kazi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipokufa mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi aliponya watu wasiohesabika.

KATIKA NCHI YA TEMBO

Ukiisha kupita Tegeta na Bunju, nyumba hupungua na minazi huzidi. Hapa ndipo penye divai ya watu wa pwani, yaani tembo la mnazi.

Wewe uliyezoea pombe ya mtama au ya ndizi, sikia linavyopatikana. Halisagwi wala halipikwi. Mgema hukata vidato katika shina la mnazi, apate mahali pa kutia miguu. (Watoto wetu wanaohesabu vidato shuleni walicheka sana kusikia kwamba neno lao limetoka mnazini.) Akifika juu hulifunga karara, yaani ua la mnazi ambalo bado halijafunguka, hulikata ncha kwa kisu chake kiitwacho kotama, kisha hutundika kibuyu chini yake. Maji matamu hudondoka tone kwa tone. Asubuhi na jioni hana budi kupanda tena, kumimina na kulikata upya, maana jeraha la karara likikauka, tembo hukoma. Kazi hiyo ina hatari zake: akiteleza mara moja, ni mauti au kilema.

Tembo likishuka ni tamu kama maji ya miwa. Lakini halikai hivyo. Chachu iliyomo hewani na kibuyuni huanza kazi mara moja, na baada ya saa chache tu limekwisha kuwa kileo. Kesho yake ni kali, na likizidi kukaa huwa siki. Tena mwenye shamba sharti achague, kwani karara likigemwa halizai nazi. Hawezi kunywa tembo na kukuna nazi ya kole lile lile.

Binti yangu aliuliza swali jema: "Baba, mbona padre hatumii tembo katika Misa?" Nikamweleza kwamba sheria ya Kanisa yataka divai ya zabibu, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia Bwana wetu katika karamu ya mwisho. Zabibu hizo nchini kwetu hustawi Dodoma, ambako wamisionari walikuwa miongoni mwa waliozieneza, na katika joto lile mizabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka.

Tulikuwa katika mazungumzo hayo dereva alipoondoka barabarani na kusimama mbele ya banda la wauza tembo. Ilikuwa karibu saa sita.

"Mzee, kikombe kimoja tu," alimwambia baba. "Hili ni tembo tamu, halileweshi."

Mama, ambaye asubuhi yote alikuwa kimya, akajibu yeye. "Lilikuwa tamu lilipoteremshwa alfajiri, mwanangu. Sasa jua liko wapi?"

Dereva akasema mabwana wengine huwa hawamkatazi. Mama akasema, "Wao ni wao. Mimi nina wajukuu wawili humu ndani, na wewe una mama anayekungoja jioni. Shuka unywe dafu, nitalipa mimi." Msomaji, mahali pale palikuwa padogo, lakini tulikuwa watu saba katika motokaa moja. Mimi niliona haya kusema, nikamwachia bibi mzee kazi iliyonipasa mimi. Dereva akanywa dafu, akanuna mpaka Kaole. Nawe basi, katika mapatano yenu ya asubuhi, neno hili liwe la kwanza: dereva hanywi.

KAOLE

Kabla ya kuingia Bagamoyo mjini, kata kulia uende Kaole. Ni magofu ya mji wa Waislamu wa zamani, na msikiti wake wasemwa kuwa wa karne ya 13. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, na hapo zamani nguzo zilipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa toka China. Waambie watoto wasipande juu ya makaburi. Ni mahali pa wafu wa jirani zetu, na heshima tunayoitaka kwa makaburi yetu tuwape na wao.

BWAGA MOYO

Hatimaye tukafika Bagamoyo. Misafara mingi mikubwa ya bara iliishia hapa. Toka Unyamwezi hadi pwani ilikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi, kila mpagazi akichukua kadiri ya kilo thelathini. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Wengine waliofuata njia ile ile walikuwa watumwa. Ndiyo sababu jina la mji huelezwa kwa namna mbili. Mpagazi alifika, akatua mzigo na kuburudisha moyo. Mtumwa alifika, akaona jahazi la Unguja, akauacha moyo wake huku bara, kwa maana alijua kwamba hatarudi.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka toka Unguja mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Hii ni misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Tanzania ya leo. Walikomboa watumwa, hasa watoto, wakawafundisha dini, kusoma, kulima na ufundi. Tusiseme kwamba yote yalikuwa mepesi: sheria za misioni zilikuwa kali, kazi ya shamba nyingi, na wako waliotoroka. Lakini toka mji huu Mapadre Weupe wa kwanza walianza safari ya bara mwaka 1878, wakafika Tabora, Ujiji na Uganda. Ukiulizwa imani ya kijiji chako ilipita njia gani, huenda ilipita hapa.

Utaona mbuyu mkubwa, jumba la makumbusho, na mnara wa kanisa la kwanza. Humo, tarehe 24 Februari 1874, uliwekwa mwili wa Daktari Livingstone. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ya Zambia ya leo. Watumishi wake wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuuchukua kwa miguu hadi pwani, zaidi ya kilomita 1,500. Chuma na Susi ndio walioongoza, na Chuma mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa mwaka 1861.

Kisha tukaingia katika makaburi ya wamisionari. Baba alisoma misalaba mmoja mmoja; wengi wao walikufa wangali vijana, kwa homa. Alipomaliza akauliza, "Na wapagazi wamezikwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Kazi yao yenyewe ilikoma reli ya Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, na majina yao hayakuandikwa popote.

Tulishuka mpaka ufuoni. Maji yalikuwa yametoka mbali, maana pwani ya Bagamoyo haina kina, na hiyo ni sababu moja Wajerumani waliihama. Baba akavua kofia. Akataja jina la babu yake mara moja tu, kwa sauti, akielekea baharini. Halafu akasema, "Hakubatizwa. Lakini Mungu anajua uzito wa mzigo wa kila mtu." Tukamwombea pamoja, na watoto wakaitikia.

KURUDI

Ondoka Bagamoyo kabla ya saa kumi, maana jioni barabara ya kuingia mjini hujaa motokaa. Chukua maji, chakula na kofia ya mzee. Usitembee ufuoni peke yako jua likishuka. Fedha zako zigawe mafungu matatu tangu asubuhi: la safari, la chakula, na la nauli ya kurudi kwenu, hili la tatu lisiguswe.

Tulipokuwa tukiagana usiku, dereva alimpa mama mkono, akasema, "Mama, nimefika salama nawe." Mama akamjibu, "Tumefika salama sote."

Na wewe, msomaji, kabla hujaanza safari, waulize wazee wa nyumba yako majina ya waliowatangulia. Yaandike katika daftari la mtoto. Ukifika ufuoni pale bila jina la kutaja, utaiona bahari tu.